Matundu ya Shati la Fundi Koti

Mke wa Fundi Koti alitaka kuungama tangu mlangoni mwa chumba cha tiba, lakini ulimi uligoma. Angeanzia wapi, jamani?

Kiharusi kilikuwa kimempokonya mumewe mkono wa kulia, mkono ule ule uliokata suti za watu miaka thelathini. Mtaalamu wa tiba kazi, dada mmoja mpole, aliwaeleza taratibu: bega na kiwiko vinaendelea vizuri, ila kushika kitu kidogo kwa ncha za vidole kunataka mazoezi. Akawapa shati. "Baba, kila asubuhi funga vifungo mwenyewe. Mama, mikono nyuma, usimsaidie."

Siku tatu mama wa watu alitazama tu. Kifungo kimoja, chai inapoa, jasho linamtoka mwenzake. Siku ya nne mzee mzima akalia. Basi mchana, Fundi akiwa amelala, akachukua wembe akayapanua matundu yote sita, akayapindia upya kwa uzi wa rangi ile ile. Huruma nyingine bwana!

Kesho yake vifungo vikapita bila shida. Weee, furaha ya mwanamume yule! Kwa wiki sita akatamba mtaa mzima: "Wateja wangu, kaeni mkao wa kula, narudi kwenye cherehani!" Mkewe akacheka naye.

Leo, mle chumbani mwa tiba, dada akampa shati jingine. Fundi akajaribu, vidole vikateleza. Akajaribu tena. Hata kifungo kimoja hakikupita.

"Hebu nilione la nyumbani," dada akasema.

Mkewe akalitoa kwenye mfuko. Fundi akaliwahi kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa tundu. Nani wa kumdanganya fundi? Mshono ule alimfundisha mkewe yeye mwenyewe.

"Umepindia vizuri," akasema. "Kumbe nilikuwa najisifu bure."

"Baba, nisamehe. Nilishindwa kukuona vile."

"Wiki hizi sita ndizo ambazo vidole vilikuwa vinahitaji kazi, mama," dada akasema kwa upole, na upole huo ukamuumiza mke zaidi. Dada akaandika kwenye faili: Kuvaa, hawezi bila msaada.

"Tujaribu tena, baba?" dada akauliza.

Fundi akatikisa kichwa. Alisimama kifua wazi, mikono imelegea.

"Njoo unifunge," akamwambia mkewe, "twende zetu."

Mkewe akasogea, akaanza kumfunga, kimoja baada ya kimoja, na Fundi akainua kidevu kama mtoto anayevalishwa kwenda shule.