Jembe ya Claudine

Hii nilielezwa na Claudine mwenyewe, mutoto wa dada yangu, dimanche iliyopita kisha misa ya asubui, na mpaka leo kifua inaniwaka.

Fiacre, mutoto wa kaka yake Claudine, alikuwa anaoa kule Beni samedi ya wiki iliyotangulia. Kwetu Mahagi mali yote ya kuoa inaweza kutumwa, lakini jembe ya mwisho, shangazi ya bwana arusi, ni kusema Claudine, anaileta mu mukono yake. Mama ya binti hatoe mutoto kama hajaishika.

Vendredi asubui, siku moja kabla ya arusi, Claudine akafika ku uwanja ya ndege ya Bunia, jembe imefungwa mu kitenge mupya. Bwana wa ukaguzi akaifungua.

« Mama, hii ni silaha. »

« Silaha? Na ule muhogo ulikula jana, walilima na meno? »

Watu wa mustari wakacheka. Yeye hapana.

« Basi uiweke na mizigo, » Claudine akamuambia.

« Ndege ni kadogo, mizigo na watu iko pamoja. Uache jembe, ao ubakie nayo. »

Claudine akabakia nayo. Akaita Médard wa pikipiki, wakashika barabara ya Komanda, ile ya kwenda Beni. Ile barabara! Watu wanapanda ndege juu ya kuikimbia, na ukaguzi unawarudisha palepale, halafu wanasema wanatuchunga.

Mbele kidogo ya Komanda, masasi ya bunduki ikalia. Wakatupa pikipiki, wakalala tumbo mu majani mpaka jua ikageuka, Claudine juu ya jembe.

« Mama, » Médard akanong'ona, « ile silaha yako haiwezi kutusaidia? »

« Nyamaza, nisianze na weye. »

Jioni, ku barrière yenye kufunga barabara, mwanaume mwenye bunduki akashika jembe, akaigeuza.

« Ni jembe tu. Mupite. »

Munasikia? Mwenye bunduki mwenyewe hakuona silaha!

Wakakesha mu parokia moja, macho wazi. Samedi saa nane wakaingia Beni. Hélène, mama ya binti, alikuwa amekaa ku mulango toka asubui, chakula imepoa, watu wanamuambia: hawakuji tena. Akapokea jembe, akaona udongo.

« Mukwe, umeanza kuilimia? »

Claudine akapangusa ule udongo na kitenge yake. Hélène akamushika, akapiga vigelegele, binti akatolewa.

Médard alikuwa amesinzia zamani juu ya pikipiki. Claudine wakamuletea sahani ya wali na samaki. Alikula tonge moja tu, akaegemeza kichwa ku ukuta, viatu na matope yake mu miguu, akalala.