Lete Nguo na Viatu

Fundi Barafu alianguka jikoni kwa mteja, mkono wake ukiwa bado nyuma ya friji aliyokuwa akiitengeneza. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na mkono, mguu na maneno. Alilala wiki tatu hospitali kuu. Kisha daktari akamwita mkewe kando na kumwambia, huku jicho moja likiwa kwenye simu, kwamba kazi yao wao imekwisha. Mgonjwa anahamishiwa kwa masista, kwa huduma endelevu.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu ingawa alikwisha kustaafu, alikuwa amefundisha sarufi maisha yake yote. Maneno hayo mawili aliyaelewa moja moja. Yakikaa pamoja hayakumwambia kitu.

"Endelevu mpaka lini?"

"Mpaka itakapobidi," daktari akasema, akaenda zake.

Hospitali ya masista ilijulikana mjini kwa sifa moja tu: huko ndiko walikopelekwa wasiorudi. Siku gari la wagonjwa lilipomfikisha mumewe, Mwalimu alikuja nyuma yake na begi la nguo za kulalia, akaingia mlango wa kushoto badala ya wa kulia. Akajikuta kwenye wodi iliyotulia kupita kiasi. Familia moja ilizunguka kitanda, na sista alikuwa anasali rozari kwa sauti ya chini. Mwalimu alirudi kinyumenyume kama aliyefumania jambo lisilo lake. Alipompata mumewe, ng'ambo ya ua, padri alikuwa ameshamtangulia, anampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani.

Mafuta hayo aliyajua. Bibi yake alipakwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri wakamfunika shuka. Hakumwuliza padri kitu. Alipiga magoti, akaitikia amina.

Jioni hiyohiyo alimpigia simu binti yake aliyekuwa akifanya kazi mbali. Shemeji yake, mdogo wa Fundi Barafu, dereva wa lori, alikuja mwenyewe.

"Shemeji, tujiandae mapema," akasema. "Tusije tukakimbizana dakika za mwisho."

Wakajiandaa. Mwalimu alifungua kabati, akamgawia shemeji makoti mawili, mashati na viatu vya ngozi, maana hakutaka kuja kuvitazama peke yake baadaye. Alibakiza suti ya kijivu na jozi moja ya viatu, kwa ajili ya siku yenyewe.

Kila siku saa kumi alasiri alikwenda kumwona. Alimkuta amelala, au amechoka hata kope zimemlemea. Maneno machache yaliyomrudia yalikuwa ya kazini; akiamka alimwita mkewe "Gesi."

"Gesi, funga mlango. Joto linaingia."

Mlango ulikuwa umefungwa. Mwalimu aliufungua, akaufunga tena, labda ndicho anachotaka. Siyo. Fundi Barafu alitikisa kichwa, akajaribu tena, likatoka lilelile la joto na mlango, mpaka machozi yakamlenga. Mwalimu hakujua kama mumewe ndiye anayesema au ni kitu kingine kinachotumia mdomo wake. Siku moja alikikuta kitanda kitupu, akamwita muuguzi. Muuguzi akamwambia, "Yuko mazoezini, leo wamechelewa." Mazoezi gani, mtu aliyekwisha kupakwa mafuta? Akaona kijana wa watu anamficha jambo kwa adabu.

Wiki ya sita Sista msimamizi akapiga simu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama."

"Milele amina, Sista."

"Kesho asubuhi njoo, tafadhali. Lete nguo zake na viatu. Na uje na mwanafamilia mwenye nguvu, wa kusaidia kubeba."

Mwalimu alikaa chini palepale alipokuwa. "Ameshakwenda, Sista?"

"Bado, Mama. Anaondoka Jumamosi, Mungu akipenda."

Simu ikakatika. Sista amejuaje kuwa ni Jumamosi? Mwalimu alimweleza shemeji. Shemeji akavua kofia, akafikiri sana, akasema masista wamekaa na wagonjwa miaka mingi, lazima kuna dalili wanazozijua wao.

Kesho yake walifika watatu: Mwalimu na binti yake, aliyesafiri usiku kucha, katika magauni meusi, shemeji katika koti la kahawia la kaka yake, suti ya kijivu na viatu vikiwa ndani ya mfuko. Sista, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, aliwatazama, uso ukabadilika.

"Poleni sana. Mmetoka msibani?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Tunakuja."

Sista hakuelewa, wao hawakuelewa ni kipi hakukielewa. Akawatangulia kwenye korido, akafungua mlango wa ukumbi wenye madirisha marefu. Katikati ya vyuma viwili vilivyolazwa sambamba, Fundi Barafu alikuwa amesimama.

Amesimama kwa miguu yake. Mtaalamu wa viungo, msichana mwenye mikono mipana, alikuwa nyuma yake, ameshika mkanda uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa. Fundi Barafu alivuta mguu wa kulia, akauweka. Akavuta tena. Kisha akainua kichwa, akawaona. Alimpita mkewe kwa macho, akampita binti, akatua kwa mdogo wake.

"Friji yangu!" akapiga kelele, kidole cha kushoto kikielekea kwenye koti. "Friji yangu hiyo!"

Shemeji alilivua koti upesi kana kwamba lina siafu. Binti aliangua kicheko, kikageuka kilio. Mwalimu alikaa kwenye kitanda cha mazoezi, akasubiri furaha ije. Haikuja. Alichokisikia kilikuwa kama hasira, asijue amkasirikie nani. Wiki sita alimzika mtu huyu kidogo kidogo kila usiku, na sasa mtu huyo yuko hapa, anadai koti.

Sista akamtoa nje. Wakasimama koridoni chini ya picha za zamani.

"Hawa watatu ndio walioanza," akasema, akionyesha masista waliokunja mikono mbele ya kibanda cha bati. "Waliwachukua wakoma wasiotakiwa na ndugu zao. Halafu wakaja wa kifua kikuu, halafu wazee wasio na mtu. Kweli, zamani hizo hakuna aliyerudi nyumbani, na mji haujasahau. Siku hizi tunapokea waliovunjika nyonga, waliopata ajali, wa kiharusi. Tunawafundisha kutembea, kula, kusema. Upande wa kushoto ni wa wale tunaowasindikiza. Mumeo hajalala upande ule hata siku moja."

"Na mafuta?"

"Ni mpako wa wagonjwa, Mama. Mimi nilipakwa nilipopasuliwa goti."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sista alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Tulidhani umeambiwa kule ulikotoka. Mazoezi ni asubuhi, wewe ulikuja alasiri. Ilitupasa kukuuliza umeelewa nini. Nisamehe."

"Kwa hiyo amepona?"

"Sijasema amepona. Anaendelea."

"Anaendelea kwenda wapi?"

"Hilo," akasema Sista, "hata mimi sijui."

Ijumaa mtaalamu wa viungo alimfundisha Mwalimu kumvika mumewe nguo na viatu, kumwinua bila kujivunja mgongo, na kumlisha ameketi wima asipaliwe. Jumamosi shemeji alimbeba hadi kwenye gari. Nyumbani, majirani waliokuwa wameshaanza kuulizana kuhusu turubai la msiba walimsalimu Fundi Barafu wakitazama pembeni.

Jumatatu muuguzi wa masista alikuja kumpima presha, akaacha karatasi ya mazoezi, akaahidi kurudi Alhamisi. Alipoondoka, Fundi Barafu alimwita mkewe.

"Gesi. Lete waya."

Mwalimu alimletea maji. Akakataa. Akamletea redio, kitana, simu. Akakataa vyote, ila safari hii hakulia. Alijigonga paja kwa mkono mzima, akingoja. Mwalimu aliketi mwishoni mwa kitanda.

"Ni kitu cha jikoni au cha sebuleni?"

"Waya," akasema mumewe.

"Haya. Ni kikubwa?"

Fundi Barafu alifikiri, akapandisha bega moja, na Mwalimu akainuka kwenda kutazama tena.