Siku Bwana Puto Alipofungwa Kamba

Emeric Szalai alikuwa akikaanga pilipili hoho kwa mayai aliposikia mlango ukigongwa kwa ngumi, na mwiko ukamponyoka. Kule Budapest, wakati wa vita, mlango wao uligongwa hivyohivyo. Kaka yake akaenda kufungua, na hakurudi tena. Sasa alikuwa Burbank, California, mchana kweupe, majirani wakimwagilia majani yao, lakini mwili hausahau. Alizima jiko, akajifuta mikono, akaenda.

Mlangoni alisimama askari. Nyuma yake alikuwepo Wendell Krug, fundi bomba wa nyumba ya pili, uso umemwiva, pamoja na wanaume wengine wa mtaa ambao hadi juzi walikuwa wakimpungia mkono.

"Bwana Szalai," askari alisema, "Dorrie, binti wa jirani yako, haonekani tangu asubuhi. Umemwona?"

Kabla hajajibu, mmoja wa wale wanaume akadakia, "Muulize vizuri huyo. Si ndiye yule wa kwenye televisheni?"

Ndiye. Kwao Budapest, Emeric alikuwa mwigizaji wa vichekesho, watu wakishika mbavu akiingia tu jukwaani. Hollywood walisikia lafudhi yake wakampa majasusi na watia sumu. Majuzi aliitwa kuwa mwovu mgeni katika *Kozi wa Shaba*, kipindi ambacho shujaa yuleyule mwenye joho, aliyeitwa kwa jina la ndege huyo mwindaji, hupambana kila wiki na mwovu mpya. Yeye alikuwa Bwana Puto, muuza puto mwenye kofia, aliyeiga sauti za akina mama hadi watoto wakatoka nje, kisha puto zikawabeba wakapotelea mawinguni. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa jana jioni, ikakatikia pale Bwana Puto anapocheka huku shujaa amelala chini. Sehemu ya pili, ambamo anakamatwa, ilikuwa bado kuonyeshwa.

"Naweza kuangalia ndani?" askari aliuliza.

"Angalia, bwana. Angalia kokote."

Walifungua kabati, wakainua shuka za kitanda. Emeric alisimama sebuleni. Kisha akasikia kelele gereji, na Wendell akatoka na boksi mikononi. Lilijaa puto. Watu wa studio walimpa azoee kuzipuliza, naye hakukumbuka kuzirudisha.

"Mzee mwenye umri wako, huna mke, huna mtoto," Wendell alisema taratibu, na upole huo ulitisha kuliko ukelele. "Puto za nini?"

"Za kazi. Ni za kazi tu, jirani."

"Usiniite jirani! Mwanangu yuko wapi?"

Askari alimshika Wendell bega, lakini macho yake yalibaki kwa Emeric, na hayakuwa macho ya kirafiki.

Hapo ndipo Emeric alipokumbuka jambo. Asubuhi, alipotoka kuchukua gazeti, alimkuta Dorrie kando ya njia na baiskeli yake. Akamwambia kama siku zote, "Hujambo, malkia?" Mtoto akaitupa baiskeli akakimbia nyuma ya nyumba yao. Emeric alidhani anataniwa, akacheka kile kicheko chake kinene. Kicheko cha jana jioni kilekile.

Akisema, atakuwa ndiye mtu wa mwisho kumwona. Alijua watu humfanya nini mgeni wa namna hiyo. Angeweza kunyamaza, wakaenda zao wakatafute kwingine. Lakini mtoto ana miaka sita, na jua lile lilikuwa kali.

"Nilimwona asubuhi," akasema. "Aliniogopa. Akakimbilia nyuma kwenu."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?" mtu mmoja alifoka. Mwingine akamkunja ukosi wa shati hadi kifungo kikaruka.

"Mwachie!" askari aliamuru. "Twendeni huko nyuma. Na wewe, mzee, tangulia mbele yangu."

Nyuma ya nyumba ya akina Krug, wavu wa tundu la hewa lililoingia uvunguni mwa nyumba, chini ya sakafu, ulikuwa umeng'oka upande mmoja. Kiatu kidogo chekundu kilikuwa pale chini. Lorna, mama yake Dorrie, alipokiona alipiga magoti, akaingiza kichwa tunduni.

"Dorrie! Mama yako hapa! Njoo, mpenzi!"

Kutoka mbali gizani ikaja sauti nyembamba: "Wewe si mama! Unaiga!"

Lorna akaziba mdomo kwa kiganja. Wendell naye akaita. Walisikia mtoto akijikokota kwenda mbali zaidi, kisha akalia kwa uchungu: nguo yake ilikuwa imenaswa na bomba. Wendell alijaribu kuingia, mabega yakakwama. Akasema atavunja sakafu ya jikoni kwa nyundo. Kila walipoita, mtoto alizidi kulia na kujivuta, nguo yake ikisikika ikichanika.

"Msimwite," Emeric alisema. Hakuna aliyemsikiliza, akarudia kwa sauti ya jukwaani. "Msimwite! Kwenye kipindi ndivyo ninavyowapata, kwa sauti za wazazi. Kila mkiita mnamthibitishia." Akamgeukia Wendell. "Anachojua yeye ni kwamba nilishinda. Hajaona nikikamatwa. Nifungeni."

"Unasema nini?"

"Nifungeni mikono, kwa nguvu. Mnilaze pale tunduni anione. Na wewe Wendell unikamate."

Wendell alimtazama kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akaenda kwenye gari lake la kazi, akarudi na kamba.

Hakuna aliyeigiza hapo. Mikono ya Emeric ilivutwa nyuma, kamba ikamla ngozi, akasikia pumzi za Wendell shingoni mwake, za mtu aliyekuwa akitamani kumvunja. Hata kwa askari, alipogeuka kumtafuta kwa macho, hakuona kinga yoyote. Akalazwa kifudifudi kwenye udongo, uso tunduni, goti la Wendell mgongoni.

"Msichana," alisema, na sauti ilitetemeka bila yeye kutaka. "Tazama. Nimekamatwa."

Kilio kikasita. "Kofia yako iko wapi?"

"Wameninyang'anya."

"Nani kakukamata?"

Emeric akamnong'oneza Wendell, "Sema, baba. Sema."

"Mimi," Wendell alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimemkamata mimi, Dorrie. Haendi popote."

"Mwambie aseme ameshindwa."

"Nimeshindwa," Emeric alisema.

"Kwa nguvu!"

"Nimeshindwa! Bwana Puto ameshindwa, watoto wote warudi nyumbani!" Machozi yalikuwa yakimtiririka, akashindwa kujua ni ya nini.

Gizani wakasikia kitambaa kikichanika kwa mara ya mwisho. Baada ya kitambo kichwa kidogo chenye utando wa buibui na vumbi kikatokeza. Emeric akaburutwa pembeni, Dorrie akanyakuliwa na mama yake, na watu wote wakawafuata ndani wakipiga kelele za furaha. Hakuna aliyekumbuka kumfungua.

Alikaa pale chini, mikono nyuma, akiogopa hata kusimama, asije mtu akadhani anatoroka. Aliyemkuta ni Bi Opal Pruitt, mjane wa ng'ambo ya barabara, na kisu cha jikoni.

"Usinitazame hivyo," alisema huku akikata kamba. "Nimekuja kukufungua, si kukuchinja. Watu hawa wana adabu za kuku."

Wendell alikuja Jumapili. Hakuomba radhi, alisimama akikuna kidevu, akauliza kama bomba lolote linavuja. Hakuna lililokuwa likivuja. Emeric akamkaribisha hata hivyo, wakanywa kahawa, na kila Wendell alipoinua mkono ghafla, Emeric alijikuta ameruka kidogo kitini.

Studio walipomwita arudi kuwa Bwana Puto katika kisa kipya, alikataa. Wakamvalisha kofia mtu mwingine. Dorrie alikitazama kipindi hicho miguu imekunjwa zuliani, bila hofu yoyote, akamwambia mama yake, "Huyu wa uongo. Yule wa kweli tulimfunga sisi, na sasa hivi yuko kwake anapika."