Mkanda wa Verlon

Bi Odessa Pruitt wa nyumba ya pili anasema alikuwa akianua nguo alipomwona Verlon Hatchett, aliyezikwa tangu majira ya kuchipua, akipita uani na kuingia gereji.

"Na suti ileile tuliyomzikia," alimwambia Glenda, binti wa marehemu. "Kanisalimu vizuri tu. Kawasha lile likompyuta lake. Bili ya umeme mtajua wenyewe."

Glenda alimpelekea baba yake chai ya barafu. Kwenye skrini, ndani ya kompyuta ile, ilikuwa ikiendeshwa kompyuta nyingine, na mbele yake aliketi Verlon mwingine, mdogo kama kidole, akibonyeza vitufe.

"Hii ndiyo wanayonishtakia, Baba."

"Hii? Mbona niliitengeneza ukiwa bado unatambaa!"

Kampuni iliyomshtaki Glenda ilikuwa na hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi: kuifanya kompyuta moja ijifanye nyingi ilikuwa mali yake, na atakayefanya hivyo bila ruhusa amevunja sheria. Hataza hiyo ingefutwa tu ikithibitika kwamba kuna mtu aliyefanya hivyo kabla yao. Haikutengeneza chochote. Hapo mjini, mashariki mwa Texas, ilikuwa na mlango wenye jina lake, jirani na kinyozi, na mlango huo haukufunguliwa kamwe. Ikishinda, Glenda angelazimika kufunga karakana yake ya programu za kompyuta.

Mahakamani Verlon aliapishwa kama shahidi yeyote. Karani alimwomba tu asidondoshe udongo kwenye zulia.

"Mkanda uliorekodiwa programu hiyo uko wapi, Bwana Hatchett?" aliuliza wakili wa kampuni.

"Niliufuta nikarekodi kazi nyingine. Wakati ule sote tulifuta. Nani alikuwa na mikanda ya kuchezea?"

"Kwa hiyo ulichonacho ni maneno yako."

"Na mashine yenyewe. Inafanya kazi."

"Tumeiona, Mheshimiwa," wakili alimwambia jaji. "Nayo inavunja hataza yetu."

Jaji alipiga miayo. Alisema ushahidi wa marehemu unapokelewa, ila neno tupu la mtu mmoja halitoshi, awe hai au amekufa. Kampuni ikashinda. Verlon akaamriwa azime mashine.

Aliizima jioni ileile. Yule mdogo wa kwenye skrini alizima ya kwake kwanza, akavaa kofia.

Glenda alikuwa ameanza kukunja nyaya za karakana ndani ya maboksi.

"Mwanangu," Verlon alisema, "nitafutie mkanda mtupu. Nirekodi upya, safari hii tuweke na tarehe."

Glenda aliangalia tarehe ya siku hiyo kwenye kalenda ukutani, kisha akachukua waya mwingine, akaukunja.