Mtani Hakasirikiwi

Nyumba ya Mwamvita pale Bigwa haikujua kufuli. Wajawazito waliokuwa wakiteremka kutoka Kinole kuja kliniki mjini walifikia kwake, wakala kwake, wakalala kwake, na kabla hawajapanda tena mlimani walikuwa wameshamwaga sebuleni habari zote za huko juu: nani kaolewa, nani karudi kwao, nani kashikana mashati na wifi yake kisimani. Kwa hiyo chuo kikuu cha mjini kilipoleta mradi wa afya ya mama na mtoto, wataalamu wa lishe, wakunga, watu wa mifugo na wachunguzi wa mila wote meza moja, hawakuhangaika kutafuta mtu wa kuwaunganisha na akina mama. Kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwa Mwamvita.

Kazi aliiweza. Na katika wote aliowaleta, aliyemhangaikia zaidi ni Sabra wa Kinole.

Sabra alikuwa mtani wake. Koo zao zimetaniana tangu enzi za mabibi, na kwao Uluguru utani si maneno tu. Mtani ndiye anayekuja kukuzikia, na ndiye pekee anayeweza kukuchekesha pembeni ya kaburi. Mwamvita alishawafunga sanda watoto wa Sabra, wachanga waliozaliwa hawapumui, na kila mara alimtania mama yao mpaka akakubali kula. Ndiyo maana Sabra aliposhika mimba nyingine alimwambia yeye peke yake. Huko juu, mwanamke aliyezika namna hiyo hatangazi. Anajifunga kanga mbili, watu wanaona, wananyamaza, na kule kunyamaza ndiyo zawadi yao kwake. Mwamvita akamteremsha kliniki mimba ikiwa bado changa. Wakakuta presha imepanda. Akapewa dawa, akaonywa asikose kurudi.

Kisha ikaja siku ya kamati. Watu wa chuo wanaogawa fedha za utafiti walitaka kuona kwa macho yao kama kuwachanganya wataalamu wa idara mbalimbali kunazaa chochote; la sivyo kila mmoja angerudi idarani kwake na mradi ungekufa. Dkt. Theresia, kiongozi wa mradi, aliomba darasa moja la shule ya Kinole, watu wakajaa mpaka madirishani. Alimwambia Mwamvita asimulie anavyojua, ila asitaje jina la mgonjwa yeyote.

Na kweli, jina hakulitaja.

Alianza vizuri. Alieleza jinsi akina mama wanavyowahi kliniki siku hizi, jinsi maziwa ya mbuzi wa mradi yanavyowasaidia, jinsi wanaume waliokuwa wakiona aibu sasa wanavyowasindikiza wake zao. Mwenyekiti wa kamati akatikisa kichwa kuridhika, akafunga kalamu yake. Mwamvita angekaa hapo, yangeishia hapo. Lakini darasa lilikuwa limepoa, na yeye tangu azaliwe hajaweza kuvumilia watu waliopoa.

"Halafu yupo mtani wangu mmoja," akasema, "yule mwenye bati la bluu na mikarafuu mlangoni. Huyo kila mara ananiita nikamzikie. Safari hii nimemwambia, mtani, mikono imechoka kuchimba, hebu zaa. Basi kaja kliniki tumbo halijafika hata ukubwa wa chenza."

Darasa likaangua kicheko. Vichwa vikageukia dirishani alikokaa Sabra. Sabra naye akacheka, tena kwa sauti, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umevunja kitu kilichokuwepo kabla yako. Ambaye hakucheka ni Mzee Mwinjuma, mjomba wa Sabra. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye wa kwanza kuambiwa ili aseme na waliotangulia. Yeye alizisikia habari hizo pamoja na wageni waliovaa vitambulisho shingoni.

Fedha zikatoka. Bigwa ikapikwa pilau, majirani wakaja na waliokuwa hawajaalikwa, Dkt. Theresia akacheza mpaka viatu akavua.

Siku ya kliniki ya Sabra ilipofika, Sabra hakuonekana. Ikaja nyingine, hakuonekana. Habari zikateremka zenyewe kama kawaida: wanawake wanapiga hodi kwake kumpongeza, bibi mmoja kampelekea hirizi, mjomba hajakanyaga uani kwake tangu siku ile. Pamoja na habari ukashuka mkungu wa ndizi kutoka kwa Sabra mwenyewe, na salamu: mwambieni mtani wangu asante kwa kunitangazia, sasa hata kuku wangu wanajua. Wanawake sebuleni wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mwamvita akazimenya zile ndizi, akawapikia wageni, yeye hakuonja. Afadhali angeletewa matusi. Mtu uliyemkosea akikutukana mnaanzia mahali. Sabra mila ilimziba mdomo, na aliyekuwa anafaidi ni Mwamvita aliyemkosea.

Muuguzi alipomuuliza yule mama wa presha kapotelea wapi, na dawa zake lazima zimekwisha, Mwamvita hakungoja tena. Akapanda bodaboda mpaka Kinole.

Alimkuta Sabra mkekani uani, anapukuchua pilipili manga, tumbo sasa haliwezi kufichwa na kanga yoyote.

"Mtani, umefuata nini?" Sabra akasema. "Au kamati inataka na picha?"

Mwamvita hakucheka. Akavuta kigoda. "Sabra, leo utani tuuache nje ya ua. Nimekukosea. Sema na mimi kama mtu yeyote."

Mikono ya Sabra ikasimama. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuamkiana kwa heshima. Salamu ya watani ni kejeli.

"Shikamoo, dada Mwamvita," Sabra akasema.

Mwamvita akaitikia, "Marahaba."

"Wale wa chuo siwalaumu. Hawanijui. Wewe wanangu uliwashika kwa mikono yako."

"Nilitaka mradi usife. Wangekatisha fedha, na akina mama wote..."

"Mradi ulikuwa umeshapona. Nilikuwepo, dada. Yule mwenyekiti alishafunga na kalamu. Uliona watu wamepoa, ukataka wacheke."

Hilo Mwamvita alilijua tangu siku ile, ila alikuwa hajalisikia kwa mdomo wa mtu.

"Na dawa?" akauliza. "Presha haingoji sisi tupatane."

"Dawa nakunywa. Mradi wenu nimeuacha, ila kliniki naenda, mume wangu ananipeleka. Ni ya wapi, hutajua. Siku nikijifungua, hutajua. Na nikizika..." Akaivuta kanga yake tumboni. "Atakuja mtani mwingine."

Akarudi kwenye pilipili zake. Mwamvita alitaka kuuliza kama mjomba ameshakuja, akaona na hilo sasa halimhusu. Akaaga. Sabra akamwitikia vizuri, kama anavyoitikiwa mpita njia.

Bigwa alikuta sebule imejaa, wamemwekea chai, wanamsubiri. Kabla hajakaa, Dkt. Theresia akapiga simu kuuliza habari za yule mama. Wanawake wote wakanyamaza wasikie.

"Amejitoa kwenye utafiti," Mwamvita akasema. "Lakini anatibiwa."

"Anatibiwa wapi?"

"Sijui."

"Na sababu ya kujitoa? Lazima tuiandike."

Mwamvita akaziangalia zile nyuso zilizomsogelea. Kuieleza sababu yote ilikuwa kuisimulia upya, kuanzia bati la bluu.

"Sababu ni mimi," akasema. "Andika hivyo tu."

Akakata simu. Wakamtazama, wakingoja aanze. Mmoja akashindwa kuvumilia, akamuuliza mtani wake amemkuta na hali gani.

"Sikumkuta," Mwamvita akajibu, akainua birika. "Nani hajapata chai?"