Chukao wa Kushoto

Nilipofungua mlango wa nyuma nikachukue kuni, nilimkuta chukao juu ya rundo, kifua chekundu, mkia umesimama. Moyo ulinilipuka. Chukao ni ndege wa msituni, mwenye haya; hatoki kichakani mwake hata siku za jua, sembuse Julai hii ya mvua na baridi, uwanja wote tope tupu. Alikuwa kushoto kwa njia iteremkayo ufukweni. Akanitazama, akaimba kwa sauti nzito isiyolingana na udogo wake.

Kisiwani kwetu kila mtu anajua: akikuimbia kulia, nenda salama, akikuimbia kushoto, rudi ndani, safari haina heri. Na humo ndani alikuwamo binti yangu Yasna, uchungu umemshika kabla ya mwezi wake, na hospitali iko ng'ambo ya maji.

Nikafunga mlango, nikauegemea.

"Hamna kwenda."

"Mama! Nizalie wapi, jikoni?"

"Chukao kaimba. Kushoto."

"Ndege ana njaa tu, mama."

"Baba yako naye alisema hivyohivyo." Mume wangu alicheka, akapanda mashua; mpaka leo hatuna kaburi lake.

Nikatia komeo.

Nje, Baudilio, jirani yetu mwenye mashua, alikuwa anapanda kutoka ufukweni huku anafoka. "Mama Yasna! Maji yanakupwa, tutakwama mchangani! Kama ni huyo ndege, mimi kaniimbia kulia!"

Yasna aliinua kichwa. "Umesikia? Kwake yeye anayekuja huku, ni kulia. Basi mimi nitatoka kinyumenyume."

"Una wazimu?"

Lakini uchungu ukamrudia, akauma mkono wa sweta asipige kelele, nami nikafungua mlango.

Nilimshika mikono yote miwili. Yeye uso nyumbani, mgongo baharini, akirudi nyuma kwenye tope, mimi nikimwongoza. "Kuna shimo hapo. Polepole. Ehe, mguu huo."

"Watu wakituona, je?" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Wacha watuone."

Rundo la kuni lilikuwa kulia kwake, kama tulivyotaka. Tulikuwa katikati ya njia nilipogundua kwamba ili nimwongoze, ilinibidi mimi nielekee mbele. Kuni zilikuwa kushoto kwangu. Na safari hiyo ilikuwa yangu pia.

Miguu ilikataa.

"Mama, vipi?"

"Tope tu."

Kama ni lazima uondoke na mtu, nilimwambia ndege kimoyomoyo, basi awe mimi. Hawa wawili, Yasna na mwanawe, waache.

Chukao akaimba tena, karibu kabisa.

"Ni kulia, sivyo?" Yasna aliuliza, macho ameyafumba.

"Kulia, mwanangu," nilimjibu, nikapiga hatua.