Mzaha wa Mkoa wa Noakhali

Jesmin alizaliwa Hatiya, kisiwa cha wilaya ya Noakhali kilichopo pale mto Meghna unapomwagika baharini, akaolewa Dhaka. Katika nyumba ya wakwe zake, mzaha ulimpokea kabla hajavua viatu. Watu wa Noakhali wanajulikana nchi nzima kwa mambo mawili: kutapakaa kila pembe, na kudai bila kuchoka kwamba wilaya yao ipandishwe iwe mkoa unaojitegemea. Basi Imtiaz, mdogo wa mumewe, kila akimwona humuuliza mkoa umefikia wapi, na kama mpaka wake umeshavuka jikoni au bado.

Mwanzoni Jesmin alinuna. Baadaye akaona kwamba anayejicheka mwenyewe haumii sana, akaamua kuwahi. Akawa yeye ndiye fundi wa mizaha ile. Aliigiza wajomba zake wakidai mkoa, aliigiza lafudhi ya kwao ambamo neno "pani", yaani maji, hugeuka "hani", hata wageni wa nyumba ile wakawa wanamwita Bhabi, yaani shemeji, wakiomba, "Bhabi, hebu tupe kidogo habari za Noakhali." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Jesmin alipendwa, na alijua anapendewa nini.

Mwaka wa sita wa ndoa, baba yake, Kefayet Ullah, alikuja Dhaka kutibiwa presha ya macho. Alikuwa mfugaji wa nyati wa maziwa, mtu mrefu, mkimya, asiyependa kulala kwa watu. Alishuka kwenye meli asubuhi ya Ijumaa akiwa amepakata chungu cha maziwa mgando ya nyati wake, safari nzima hakukiweka chini. Miadi ya hospitali ilikuwa Jumapili. Njiani, ndani ya riksha, alimwambia Jesmin kwamba ana neno la kumwambia wakitulia. Jesmin akamwambia wangoje wapumzike kwanza, kwani samaki alikuwa hajakaangwa na wakwe walikuwa wanasubiri.

Chakula cha mchana kilikuwa kizuri: wali, dengu, samaki wa ilish kwa haradali. Mzee alikula akiinamia sahani, akijibu akiulizwa. Alipoomba maji akasema "hani", kama alivyosema maisha yake yote. Imtiaz akaweka kijiko chini.

"Mzee, hebu sema tena."

Mzee alidhani hakusikika, akasema tena, kwa sauti zaidi. Meza ikacheka. Naye akatabasamu, bila kujua kinachochekwa, akapewa maji yake.

Imtiaz hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa maneno mengi tu, na siku ile alikuwa na msikilizaji mpya. Akamuuliza mzee habari za mkoa. Mzee akasema watu wanadai, serikali itaona. Imtiaz akaendelea: leo mnadai wilaya jirani za Feni na Lakshmipur, kesho mtadai Dhaka, keshokutwa mtapanda mwezini mkute mwenzenu keshafungua duka. Mzee akacheka kwa adabu. Mzaha huo aliusikia hata kwao.

"Ila kuna kitu sielewi," Imtiaz akasema. "Mipaka mtaichora wapi? Nasikia mto unawamega kila mwaka. Si mtaishia kuwa na mkoa wa samaki?"

Mzee hakucheka mara hii. Akapangusa vidole, akamtazama kijana yule kwa jicho lake zima, akaanza kumjibu kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. "Ni kweli, mwanangu. Mto unakula. Mwaka huu umefika mpaka pale..."

Jesmin akaona uso wa mama mkwe umeanza kuwa mzito. Akaona meza inataka kupoa, na chakula cha kumkaribisha baba yake kigeuke kilio cha mafuriko. Akasimama. Akachukua upawa wa dengu akaushika kama fimbo, akakunja kiuno, akatoa sauti ya baba yake, ile ile, nzito na ya puani.

"Ewe Meghna! Simama hapo! Hapa ndipo mpaka wa Mkoa wa Noakhali. Una kibali? Huna? Basi rudi, hani we!"

Imtiaz aliangukia bega la kaka yake. Mama mkwe alitoa machozi. Hata Shahed, mume wa Jesmin, ambaye hakuwa na desturi ya kucheka kwa sauti, alicheka. Jesmin alipogeuka, baba yake naye alikuwa anacheka, anajifuta jicho bovu kwa ncha ya shali. Sentensi yake ya mto hakuimalizia, wala hakuna aliyemwomba aimalizie. Walikula maziwa mgando, wakayasifu.

Kesho yake mzee alisema lazima arudi, nyati mmoja yuko karibu kuzaa. Jesmin alimkumbusha miadi. Akajibu kwamba hata Maijdi, makao makuu ya wilaya, kuna madaktari wa macho. Jesmin alimsindikiza mpaka bandarini, wakaongea habari za bei ya mchele. Alipomuuliza lile neno alilotaka kumwambia, mzee akasema si kitu, mama yake atamweleza.

Mama yake alimweleza wiki ile kwa simu. Kaburi la bibi limekwenda na maji. Bibi huyo ndiye aliyemlea Jesmin, aliyemlaza kifuani mpaka akaanza shule. Ukingo ulimeguka mchana, watu wakiona, na baba yake alisimama pale mpaka jua likazama.

"Nilimwambia akupigie," mama akasema. "Akakataa. Akasema habari kama hiyo mtoto haambiwi kwa simu, ataenda mwenyewe akuambie usoni. Alikuambiaje?"

Jesmin alisema alimwambia vizuri.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini hapa hakukuwa na ugomvi. Mzee hakununa. Alipiga simu kila Ijumaa kama zamani. Ila zamani akipiga husema, "Mama, ushakula?" kwa lugha ya kwao, akamwita mama kama baba wa kule wanavyowaita mabinti zao. Sasa alisema, "Jesmin, hujambo? Afya yako inaendeleaje?" kwa Kibangla cha watangazaji wa redio, neno moja moja, akikanyaga kila herufi. Jesmin alimjibu kwa lugha ya nyumbani, makusudi, akaongeza na maneno ya bibi. Mzee akaendelea vile vile. "Nashukuru. Wasalimu wote." Mara moja alijikwaa akasema "hani", akajisahihisha haraka.

Mwezi mmoja baadaye Imtiaz alileta rafiki zake, wakaketi sebuleni, akaita, "Bhabi, njoo, hawa hawajawahi kuona mpaka wa Noakhali ukilindwa!"

Jesmin alitoka jikoni na trei ya chai. Alikuwa ameandaa maneno makali, tena mengi. Yote yakamkauka.

"Imtiaz, huo mzaha siutaki tena. Unaniumiza."

Imtiaz alishtuka. Akasimama, akapokea trei. "Samahani, Bhabi. Wallahi sikujua. Ungesema tu. Sisi tulidhani unaupenda." Akageuza mazungumzo yakawa ya kriketi, na tangu siku ile hakuutaja tena. Jesmin alirudi jikoni, akafungulia bomba, akaegemea sinki. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Kumbe sentensi moja tu ilitosha, na angeweza kuisema wakati wowote katika miaka ile sita, hata Ijumaa ile.

Idi ilipofika alikwenda Hatiya. Baba yake alikuwa ameshaona daktari wa Maijdi, lakini alichelewa, jicho la kushoto likabaki kuona mwanga tu. Alasiri Jesmin aliomba apelekwe kaburini, au pale lilipokuwa. Wakaenda wawili, kwa miguu, mpaka ardhi ilipokatika. Chini maji ya kahawia yalikuwa yakizunguka polepole, na kiambaza cha nyumba ya jirani kilikuwa kimeinamia mto.

Mzee aliinua mkono, akaonyesha majini. Akaushusha. Akaonyesha kushoto kidogo. Kisha akasema kwa Kibangla chake cha redio kwamba hana hakika, kwa kuwa ule mwembe uliokuwa alama ya kaburi nao umekwenda.

Jesmin akamwomba radhi. Alisema lote, la upawa, la sauti, la kumkatisha. Alisema kwa lugha ya kwao huku akilia.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. "Umekosa nini?" akamuuliza. "Watu walifurahi. Mimi nilifurahi kuona unapendwa kule." Alisema kwa upole, wala hapakuwa na uongo usoni mwake, na yote aliyasema sanifu, kama mtu anayeongea na mke wa mkubwa wa wilaya.

Upepo ulikuwa unaongezeka. Akamshika mkono kumvusha pale penye utelezi, akamwambia mama yake anawasubiri, tafadhali karibu nyumbani.